Kila nikitoka safari narudi na mmea, na kila mmea unanifia. Tatizo ni mkono wangu?

"Shikamoo mtaalamu. Napenda sana bustani, nina kiuwanja kidogo Kigamboni karibu kabisa na bahari, na tabia yangu nikisafiri lazima nirudi na mmea. Mwaka jana nilitoka Lushoto na yale maua ya bluu makubwa kama mpira, mche mmoja kwenye kiriba, pamoja na matawi sita ya mawaridi niliyopewa na mwenyeji wetu. Ule mche ulikaa miezi miwili hivi, majani yakawa njano, kingo zikaungua, ukafa. Mawaridi yalichipua majani mazuri wiki ya pili nikafurahi sana, wiki ya tano yote yakakauka. Mwezi wa pili nikaenda Unguja kwenye mashamba ya viungo, nikanunua pakti ya karafuu nikazipanda, hakuna hata moja iliyoota, na mche wa mkarafuu niliokuja nao ndo huo umekauka juani. Mama mkwe anasema nina mkono wa kuua mimea. Jirani anasema mmea wa kuomba haushiki, mpaka uuibe. Desemba naenda Njombe na nina hamu sana ya mche wa tufaa, hizi epo za kizungu. Niache kabisa au kuna namna?"

Marahaba mwanangu. Swali lako nimelisoma mara mbili. Nikihesabu naona kuna misiba minne ya zamani na mmoja ambao bado haujatokea ila nauona unakuja na basi kutoka Njombe. Wewe umeiweka yote kwenye kapu moja ukaitafutia sababu moja, na nyumbani wakakupa sababu ya haraka, mkono wako. Kumbe kila mmea hapo umekufa kwa ugonjwa wake, ndo maana hujapata funzo lolote, maana ulilojifunza kwa mmoja halikufaa kwa mwingine.

La mkono tulimalize kwanza. Nimekaa kwenye vitalu miaka ishirini na kitu na wale wote niliosikia wanasifiwa kwamba wana mkono mzuri wana kitu kimoja tu kinachofanana: wanatazama. Asubuhi kabla ya chai ameshapita, amegeuza jani akaona upande wa chini, ameingiza kidole kwenye udongo. Mkono mbaya ni yule anayemwagilia saa kumi na mbili jioni kwa mpira huku anaongea na simu. Mama mkwe asichukie, ila huo mkono wako hauna kosa.

Na la kuiba, hilo nalipenda kwa sababu lina ukweli ndani yake ila si ule jirani anaoufikiria. Mtu anayeiba tawi anakata kipande kidogo, anakificha kwenye khanga, anakwenda moja kwa moja nyumbani na kukipanda jioni hiyohiyo sehemu ya kivuli nyuma ya nyumba asionekane. Yaani amefanya kila kitu sawasawa bila kujua! Wewe uliyepewa kwa heshima umepewa matawi marefu yenye majani yote na maua juu, ukayabeba kama shada, yakalala kwenye buti la basi kutoka Lushoto, ukafika usiku umechoka, ukayapanda kesho yake saa nne juani. Hapo wizi hauhusiki kabisa, ni maji tu.

Sasa tuanze na mawaridi, maana ndo yaliyokuumiza zaidi nadhani. Kitu kinachochipua majani halafu kinakufa kinauma kuliko kile kilichokufa siku ya kwanza.

Tawi ulilolikata lina akiba ya chakula ndani yake, wanga na sukari iliyohifadhiwa kwenye shina. Ukilichomeka kwenye udongo wenye unyevu na joto la Dar, macho yaliyopo kwenye vifundo yanaamka na kutoa majani kwa kutumia hiyo akiba. Majani hayo hayana maana kwamba chini kuna mizizi. Ningependa sana watu wa bustani walijue hili moja tu. Chukua chupa ya maji tupu ya plastiki inayoona ndani, kata juu, toboa chini, weka mchanga na uchomeke tawi pembeni kabisa liguse ukuta wa chupa, halafu ukuta wa nje ufunge na kitambaa cheusi. Kila wiki fungua kitambaa uchungulie. Utaona juu kuna majani manne ya kijani na chini kuna shina tupu kama kijiti cha mshikaki. Wiki ya tatu huenda ukaona uvimbe mweupeupe kwenye sehemu uliyokata, kama mchele uliobandikwa, hiyo ni nyama ya kidonda kupona, mizizi inatoka hapo au jirani na hapo baadaye. Lakini huku juu majani mapya yanapumua na kutoa maji kila saa, maji hayapandi ya kutosha kwa sababu mizizi haipo, akiba inaisha, na wiki ya tano ndo unaona yote yamenyauka kwa siku mbili. Umeelewa sasa? Hayakufa wiki ya tano, yalikuwa yanakufa tangu ya pili, ila yalikuwa yamevaa nguo nzuri.

Kwa hiyo kazi yako kwenye tawi lolote ni kupunguza matumizi juu mpaka kipato cha chini kipatikane. Kata kipande cha urefu wa kiganja na kidole, kama sentimeta 15, unene wa penseli, chini ukate karibu kabisa na kifundo. Toa maua na vitumba vyote, hata kama roho inauma. Acha majani mawili juu na yenyewe uyakate nusu. Panda kwenye mchanga uliochanganywa na pumba za mpunga zilizochomwa au makumbi ya nazi yaliyosagwa, usitie samadi wala mbolea ya dukani hapo, kidonda hakitaki chumvi. Funika na chupa iliyokatwa tako iwe kama kijumba cha mvuke, weka kivulini penye mwanga, chini ya mwembe panafaa. Na usiwe unalivuta vuta kuangalia kama limeshika! Ukilivuta unakata vile vizizi vya kwanza ambavyo ni vyembamba kama uzi wa buibui. Pia ukweli usemwe, mawaridi mengi ya kisasa ya maua makubwa hata ukifanya yote hayo hayashiki vizuri kwa tawi, ndo maana wenye vitalu wanayabebesha juu ya shina la waridi gumu. Ukipata mawili kati ya sita, umefanya vizuri.

Tuje kwenye maua ya bluu, haidrenjia. Hapa mwanangu hata ungeajiri mtunza bustani ingekuwa ngumu, nitakueleza kwa nini.

Mji wa Lushoto uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Kigamboni uko na bahari yenyewe. Kwa kawaida ukipanda mita 100 joto linashuka karibu nyuzi 0.6, kwa hiyo pale Lushoto pana baridi zaidi ya kwako kwa nyuzi kama nane hivi, na usiku tofauti unaisikia mwenyewe, kule ulilala na blanketi na huku unalala na feni. Watu wengi wanadhani shida ya mmea wa milimani ukija pwani ni jua la mchana. Jua ni dogo, hata kivuli kinalitatua. Shida kubwa ni usiku.

Mmea mchana unatengeneza sukari kwa mwanga, hiyo tulifundishwa shuleni. Tusichokumbuka ni kwamba mmea unapumua saa 24 na unapopumua unakula ileile sukari, na kupumua huko kunakwenda na joto: joto likiongezeka nyuzi kumi, kupumua kunakaribia kuwa mara mbili. Sasa piga picha ya mfanyakazi anayelipwa mshahara uleule wa Lushoto lakini kahamia mjini ambako kodi ni mara mbili. Mwezi wa kwanza anakula akiba, wa pili anakopa. Mmea nao ndo hivyo, unakuwa mwembamba, majani madogo, wadudu wanauona kwamba huyu hana nguvu. Na hata usingekufa, ile haidrenjia ya maua makubwa ili itengeneze kitumba cha ua inahitaji kipindi cha usiku wenye baridi, chini ya nyuzi 18 hivi kwa wiki kadhaa. Dar usiku wa Julai ndo unagusagusa 18 au 19, halafu basi. Ungepata kichaka cha majani, maua ungeyasubiri mpaka uchoke.

Juu ya hilo kuna maji na udongo. Hukuniambia unamwagilia na nini ila nyumba za karibu na bahari Kigamboni wengi wanatumia kisima, na visima vya huko vingi vina chumvi. Angalia vyungu vyako kwa nje na kwenye ukingo wa juu, kama kuna utando mweupe unaokwaruzika kama chokaa basi jibu unalo. Kingo za majani zilizoungua ndo saini ya chumvi: maji yanapanda, yanafika mwisho wa jani, yanaruka hewani, chumvi inabaki palepale ukingoni. Na ule unjano, kumbuka vizuri, ulikuwa jani lote, au vishipa vilibaki kijani na katikati ndo njano, tena kwenye majani machanga ya juu? Kama ni hivyo basi ni chuma. Udongo wa kwenu una matumbawe na chokaa, na kwenye chokaa chuma kipo ila kimefungwa, mizizi haikipati. Kuna watu watakushauri ufukie misumari yenye kutu. Usijisumbue, hiyo kutu nayo inafungwa vilevile. Na bluu yenyewe haitoki kwenye chuma, inatoka kwenye alumini ambayo mmea unaipata kwenye udongo wenye uchachu kama ule mwekundu wa Lushoto, kwenye chokaa ua hilohilo linatoka la pinki.

Kuna jambo la tatu ambalo halionekani mpaka ufukue. Mche wako ulikuja na bonge la udongo mwekundu wa mfinyanzi, ukauweka kwenye shimo la mchanga wa pwani. Siku moja nilifukua mche wa namna hiyo kwa mtu aliyekuwa ananilalamikia kwamba anamwagilia mara mbili kwa siku na bado unanyauka. Mchanga pembeni ulikuwa umelowa unachuruzika, na katikati lile bonge la Lushoto kavu kama tofali, nikalipasua kwa mwiko vumbi likatoka. Maji yanachukua njia rahisi, yanapita kwenye mchanga, bonge linabaki jangwa na mizizi yote imo ndani yake. Kwa hiyo mche wowote wa kiriba kutoka bara, kabla ya kuupanda uzamishe wote kwenye ndoo ya maji mpaka mapovu yaishe, halafu legeza udongo wa pembeni kwa vidole mizizi ichungulie nje, na shimo lako ulijaze mchanganyiko wenye mboji nyingi ili usiwe mchanga mtupu.

Je, ujaribu tena haidrenjia? Mimi nakwambia hapana, au kama una hamu sana inunue ikiwa na maua, iweke barazani mwezi mmoja kama unavyoweka maua kwenye chombo, ufurahi nayo, ikifa usilie. Ulichokipenda kule naamini ni ile bluu kando ya njia, na bluu unaipata na plumbago. Inapenda jua, inastahimili pwani, inashika kwa tawi, na wauza miche wengi wa barabarani Dar wanayo. Si ua lilelile, najua. Lakini litakuwepo hata mwaka kesho.

Karafuu. Hapa samahani nilicheka, na wewe si wa kwanza wala wa mia. Karafuu ya kwenye pakti ni kitumba cha ua, kimechumwa kabla hakijafunguka, kikaanikwa juani. Kuipanda ni sawa na kupanda ua la waridi lililokauka. Mbegu ya mkarafuu inapatikana ukiliacha ua lifunguke, litengeneze tunda la rangi ya zambarau iliyokolea, na ndani mna mbegu moja ambayo nayo haitaki kukauka kabisa, ikikaa nje siku chache imekufa. Ndo maana huwezi kuiweka kwenye bahasha ukasafiri nayo kama mbegu za mchicha.

Ule mche sasa ni habari nyingine, maana mkarafuu pwani unakaa. Wenyewe ni mgeni wa visiwa vya Maluku huko Indonesia, ukaletwa Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 1800, na leo sehemu kubwa ya karafuu inatoka Pemba, kwenye mvua na udongo mzito kuliko wa Unguja. Wako umekufa kwa malezi. Miche hii inakuzwa kwenye kitalu chini ya kivuli kizito cha makuti, majani yake yameumbwa kwa kivuli, membamba, na wewe umeutoa hapo ukauweka mwezi wa pili, kaskazi imepamba moto, juani. Jani la kivulini haligeuki kuwa la juani kwa siku moja, mmea inabidi utoe majani mapya. Wiki ya kwanza uweke kivulini kabisa, ya pili upate jua la asubuhi saa moja, uongeze taratibu, na ardhini usiupande mpaka masika yaanze. Ukisubiri utachuma, ila uwe na subira ya miaka sita, saba, minane, na kwa kiuwanja kidogo cha Kigamboni chenye upepo wa chumvi mimi ningekushauri binamu yake.

Hapa nina jambo langu. Unataka tufaa. Nenda Unguja umwulize mzee yeyote akuoneshe mtofaa, hatakupeleka kwenye epo. Atakuonesha mti mkubwa wenye majani mapana yanayong'aa, tunda jekundu lenye umbo kama pera, ndani jeupe lenye maji mengi, na ukipita wakati umechanua chini panakuwa zulia la pinki tupu, watoto wanazoa kwa viganja. Huo ndo mtofaa wa pwani, ni ukoo mmoja na mkarafuu na mzambarau, na unapenda joto na usiku wa feni kama wako. Jina la tufaa tulikuwa nalo kabla meli za epo hazijaanza kuleta makasha. Kama una nafasi ya mti mmoja tu kwenye kiuwanja, mimi ningeweka huo.

Epo ya Njombe nikujibu moja kwa moja: usilete. Kule ni karibu mita 2,000, na nyanda zile Juni na Julai kuna asubuhi majani yanaamka na barafu nyembamba juu yake. Mti wa epo umeumbwa ulale. Ukipata baridi ya chini ya nyuzi saba kwa saa nyingi, aina za kawaida zinataka saa 800 na hata zaidi, ndo macho yake yanaamka pamoja na kuchanua. Bila usingizi huo unaamka vibaya, jicho moja hapa na jingine kule, majani ncha tu za matawi, maua machache au hakuna. Utasikia muuzaji anakwambia hii ni Anna, ya nchi za joto. Ni kweli Anna ilizalishwa Israel kwa ajili ya sehemu zisizo na baridi kali, na Dorsett Golden ilitokea Bahama, zinatosheka na saa 200 au 300. Lakini mwanangu Kigamboni una saa sifuri. Mimi nyumbani Tanga nilikuwa na mti wa plamsi nilioutoa Lushoto kwa mbwembwe zote, nikaulea miaka saba, majani tele, wageni wanausifia, tunda la kuonja sikuliona, mwisho mama watoto akauliza kama ni mti au pazia. Tulipikia.

Na parachichi la Hass ambalo Njombe utalikuta kila mahali, nalo liache hukohuko, asili yake ni ya milimani. Pwani tafuta parachichi la huku huku, yale makubwa ya ngozi laini.

Sasa usije ukadhani nakukataza kusafiri na mimea. Badilisha tu ramani. Safari za kubeba miche ziwe za ukanda wako, Tanga, Muheza kwa chini, Bagamoyo, Kilwa, Lindi, Unguja. Na kuna mimea ambayo safari haiiumizi hata kidogo, mingine inaihitaji. Franjipani ukikata tawi lake inabidi likae kivulini wiki nzima kidonda kikauke ndipo ulipande, ukilipanda bichi linaoza. Yaani buti la basi kwake ni matibabu. Vanila nayo, kipande cha mita moja kinaachwa siku kadhaa kinyauke kidogo kwanza ndipo kinapandwa, kinafungwa kwenye mti hai kama mgliricidia penye kivuli nusu. Ila vanila itakufunga kamba, maana ua lake linafunguka asubuhi na siku hiyohiyo limeisha, na huku kwetu hakuna mdudu anayelichavusha, unalichavusha wewe kwa kijiti, unainua kile kiulimi katikati na kubonyeza kwa kidole gumba. Njia hiyo aliigundua kijana mtumwa wa kisiwa cha Réunion, Edmond Albius, mwaka 1841, akiwa na miaka 12. Ukichavusha leo, tunda linakomaa baada ya miezi tisa kama mtoto.

Na kama unataka ukumbusho wa Usambara hasa, upo, na watu wanaupita. Lile ua dogo la zambarau lenye majani ya manyoya ambalo Ulaya linakaa kwenye kila dirisha la bibi, Wajerumani mpaka leo wanaliita kwa jina la Usambara. Mwaka 1892 afisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka mbegu zake kwao, ndo likaitwa Saintpaulia. Kinachonifurahisha ni kwamba sehemu moja lilipopatikana haikuwa mlimani hata kidogo, ilikuwa kwenye miamba ya chokaa si mbali na mji wa Tanga, chini kabisa. Kwa hiyo barazani kwako kwenye kivuli lina nafasi nzuri. Jani moja na kikonyo chake ukilichomeka kwenye mchanga wenye unyevu linatoa mtoto. Maji ya mvua, kwa chini, usimwagie majani. Ila ununue kitaluni! Usichume porini, aina zake za asili ziko hatarini na msitu wa Amani kule Usambara ni hifadhi.

Nimetaja Amani niseme na hili kwa ukali kidogo. Bustani ya mimea ya Amani ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902, wakaleta mimea mamia kutoka dunia nzima kuijaribu, na baadhi ikatoroka bustanini, kile kichaka cha Clidemia cha Amerika ya Kusini mpaka leo kinasumbua msitu. Mgeni mzuri anaweza kugeuka. Na kuna vitu ambavyo hupaswi kubeba hata kama shangazi amekupa kwa machozi: chipukizi la mgomba, kwa sababu ya mnyauko wa bakteria uliopiga Kagera, pingili za muhogo, kwa sababu ya batobato na michirizi kahawia, mbegu za viazi vitamu vile vile. Ugonjwa unakuwemo ndani na tawi linaonekana zuri kabisa. Mmea wowote unaotoka nje ya nchi, hata Mombasa kwa shemeji, unahitaji kibali cha kuingiza na cheti cha afya ya mimea, na kwa Tanzania Bara hiyo ni kazi ya TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Kutoka Zanzibar kuja bara ulizia kwenye dawati la karantini bandarini kabla hujapanda boti, usifiche kwenye mkoba.

Lini uache kusoma majibu ya watu kama mimi umwite mtu aje? Ukiona mmea wa pili na wa tatu ambao umezoea pwani, mpera, mrehani, mkwaju, nao unaungua kingo, hapo usinunue mche mwingine. Nenda kwa afisa ugani wa kata yako akaone kwa macho, na peleka maji ya kisima yapimwe chumvi, na udongo kiganja kutoka sehemu tatu nne. TARI Mlingano, kituo cha utafiti wa kilimo kule Tanga, ni watu wa udongo, SUA, chuo kikuu cha kilimo Morogoro, nao wanapima. Ni gharama ndogo kuliko miche utakayoendelea kuzika. Kabla ya hapo anza tu kukinga maji ya mvua kwenye pipa, na vuli ikija acha vyungu nje vioshwe mpaka maji yatoke chini kwa wingi.

Njombe nenda, tena Desemba kumependeza, mvua zinakuwa zimeanza na chai imechangamka. Nunua epo ule hukohuko. Ukiona bustani ya mtu imekuvutia piga picha, halafu mwulize usiku wanajifunika nini, maji wanatoa wapi, udongo ukiloa unanata au unamwagika. Majibu hayo matatu yanakwambia kama mmea utakubali Kigamboni kabla hujatoa hela.

Halafu huo mche wa mkarafuu uliosema umekauka, usiutupe leo. Kwangua gome kwa ukucha karibu na juu, ukikuta kahawia shuka kidole kimoja ukwangue tena, shuka mpaka karibu na udongo. Ukikuta kijani popote, kata hapo juu kidogo, uingize kivulini, zamisha kiriba kwenye ndoo mara moja, kisha uuache wiki tatu bila kuugusa. Ukikuta kahawia mpaka chini, ng'oa, kiriba kioshe ukianike. Utakitumia kwa mtofaa.